Msomaji Mmoja wa Jumanne

Kwenye blogu yetu kulikuwa na msomaji mmoja aliyekuja kila Jumanne, kama saa nne za asubuhi, akafungua makala ya maharagi na kukaa nayo dakika arobaini. Sikujua jina lake wala sura yake. Nilimjua kwa mstari mdogo wa samawati uliosimama peke yake katikati ya juma, kwenye ukurasa wa takwimu.

Blogu hiyo tuliianza wawili. Mimi nafundisha kompyuta hapa Butembo, mashariki ya Kongo, katika chumba chenye mashine sita na jenereta moja yenye hasira. Mwenzangu alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, mama mstaafu aliyehamia mji jirani wa Beni kukaa na binti yake. Sisi tuliopita mikononi mwake tunamwita Madame mpaka leo, hata wale walio na mvi. Mimi niliandika juu ya simu: namna ya kurudisha picha zilizofutika, namna ya kutambua betri ya uongo. Yeye aliandika juu ya chakula na kilimo. Shamba lake liko upande ambao watu hawaendi tena, kwa sababu ya usalama. Tangu aliache, alibaki na daftari tatu zilizojaa mambo aliyojifunza humo, na hakuwa na pa kuyapeleka.

Siku nilipomshawishi, aliniuliza blogu ni kitu gani.

"Ni kama ubao wa darasa, Madame. Ila huu uko ku barabara, kila mutu anapita anasoma."

"Na nani anafutaka?"

"Hakuna mwenye anafuta."

"Ah. Basi nitaandika na akili."

Akawa anaandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, kisha anapiga picha kurasa na kunitumia. Mimi nazichapa. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuangalia takwimu, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Kwa asiyezijua, nieleze kidogo. Kila blogu ina ukurasa wa nyuma ambao msomaji hauoni. Humo unapata namba: makala imefunguliwa mara ngapi, simu imekaa juu yake muda gani, msomaji ameteremka mpaka mstari upi, na yuko mji gani. Mtu anapoanza kuandika hutazama ile namba ya kwanza peke yake, kama mzazi anayetazama jumla kwenye ripoti ya mtoto bila kuangalia masomo. Mimi pia nilikuwa hivyo. Makala yangu ya betri za uongo ilifunguliwa mara nyingi sana, nami nikatembea siku mbili nikitabasamu peke yangu. Siku ya tatu nikatazama namba ya pili, ya muda. Wengi walikuwa wamekaa sekunde chache tu. Walikuwa kama watu sokoni wanaouliza bei huku wanaendelea kutembea.

Makala za Madame zilifunguliwa na watu wanne, halafu watatu, halafu mmoja. Alinipigia simu akitaka kujua, na mimi siwezi kumdanganya mtu aliyenifundisha kuhesabu.

"Soma namba," alisema.

"Juma hii, Madame, ni mutu moja."

"Mutu moja?"

"Moja."

"Mais kama ni mutu moja, tunasumbuka ya nini? Umupatie namba yangu, aje ku nyumba, nimupikie chai, nimuambie na mudomo!"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sikia, mwanangu. Miye nilifundishaka batoto makumi tano ndani ya darasa moja. Kuandikia mutu moja, hapana. Nitaandika mara tatu tena. Kama ni ule moja tu, naacha. Zile daftari zitawasha moto."

Nilimjua. Alipokuwa anatufundisha, akisema mara tatu ilikuwa mara tatu, na kifutio kilikuwa kinaruka hewani. Basi nikawa na makala tatu za kuokoa daftari tatu, na kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi ni yule mtu wa Jumanne. Nikaamua kumchunguza.

Dakika arobaini ni nyingi. Makala yenyewe mtu anaimaliza kwa dakika tano, sita akiwa mvivu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amefungua, ameitwa jikoni, amesahau simu mezani. Lakini simu iliyosahauliwa haiteremki. Hii ilikuwa inateremka mistari michache, inasimama, inateremka tena, wakati mwingine inarudi juu, na mwisho inafika chini kabisa. Mtu huyu alikuwa anasoma kama anavyokula mtu mwenye meno machache, kidogo kidogo, na hakuacha kitu kwenye sahani.

Nikatazama mji. Palikuwa pameandikwa Kinshasa.

Nilimpigia Madame palepale, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Leo najua ningetulia kwanza.

"Kinshasa?" Sauti yake ilibadilika. "Mutu wa Kinshasa anatafuta nini na maharagi yangu?"

"Sijui, Madame. Pengine ni mukubwa moja wa ministere ya kilimo."

Nilisema kwa mzaha. Yeye aliusikia mzaha huo kama habari.

Kurasa alizonitumia juma lililofuata zilikuwa na mwandiko mwingine, ulionyooka kama wa kwenye cheti. Nusu ilikuwa Kifaransa. Alieleza kwamba mkoa wetu uko mashariki ya nchi, kwamba harage ni mmea unaoegemea mti, kwamba wenye mamlaka wanaombwa kwa heshima waangalie hali ya barabara. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba siku ile alivaa kitenge cha kanisani kabla ya kukaa mezani kuandika. Niliichapa kama ilivyo. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na mimi pia nilikuwa nimeshamwona kichwani yule bwana wa Kinshasa, na miwani yake, na ofisi yake yenye kiyoyozi.

Jumanne yule msomaji alikuja, saa yake ileile. Alikaa dakika nne. Aliishia aya ya pili.

Makala iliyofuata ilikuwa na Kifaransa zaidi, na utangulizi juu ya umuhimu wa mboga jamii ya kunde katika lishe ya taifa. Jumanne hiyo alikaa dakika moja, akatoka.

"Umeona?" Madame alisema kwenye simu, taratibu sana. "Hata ule moja amechoka. Imebaki artikle moja, nimalize deni ya neno langu, halafu basi."

Juma hilohilo niliitwa Beni kuangalia kompyuta za shule fulani. Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kazi ilipokwisha nikaenda kumsalimia Madame. Alinipa maji ya kunawa, akanipa fufu na sombe, kisamvu chetu, akaniangalia nikila mpaka mwisho kama vile nilikuwa bado darasani. Zile daftari tatu alikuwa ameziweka chini, karibu na mbabula, jiko letu la mkaa.

Baada ya kula nilifungua kompyuta yangu, nikafungua ukurasa wa takwimu ili nimwonyeshe kwa macho yake, kwa sababu mambo haya kwenye simu hayaelezeki vizuri. Halafu nikachukua simu yangu, nikafungua makala yake moja, nimwonyeshe mahali nilipokosea kuchapa neno.

Kwenye kompyuta mstari ukainuka. Sasa hivi, msomaji mmoja. Kinshasa.

"Ule!" Madame alisimama, mkono mmoja ukirekebisha kilemba. "Ule mutu yuko! Yuko anasoma sasa! Angalia!"

Niliutazama ule mstari. Nikatazama simu mkononi mwangu. Nikafunga makala, na baada ya muda mfupi mstari ukalala. Nikaifungua tena, mstari ukaamka.

"Madame," nilisema, "ni miye."

"Weye nini?"

"Njo miye mutu wa Kinshasa."

Aliniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, tuko Beni. Umekula fufu yangu hapa, haukuikula Kinshasa."

Ilibidi nieleze, na kwa kweli nilikuwa najieleza mwenyewe pia. Ukurasa wa takwimu haumwoni mtu. Haujui mtaa wake. Unaona tu mlango ambao mtandao wa simu umemtolea nje, na kampuni ya simu inaweza kuwa na mlango huo mbali sana na mahali mtu alipokaa. Nikamwambia afikirie gunia. Maharagi yamelimwa huko Kanyabayonga, yamepanda gari mpaka depo ya Butembo, yamepakiwa tena kwenda Kisangani. Ukimuuliza mama wa Kisangani, atakuambia hayo ni maharagi ya Butembo. Hadanganyi. Anataja mlango yalipotokea.

Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Donc nilivaa kitenge bure," alisema.

Akaanza kucheka, na mimi nikafuata, mpaka binti yake akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Na zile artikle mbili, niliandikia nani?"

"Hakuna mutu, Madame. Tulimutunga, sisi wawili."

"Na ule wa kweli? Ule wa dakika makumi ine? Yuko wapi?"

"Popote. Inawezekana Kinshasa kweli. Inawezekana Butembo, ao Kyavinyonge kwa benye kuuza samaki, ao nyuma ya nyumba hii."

Alivuta kiti karibu na kompyuta. Hapo nikamwona tena Madame wa zamani, yule aliyekuwa anaweza kuacha somo lote ili ajue kwa nini mtoto mmoja ameandika saba kwa kuigeuza.

"Ni ku artikle gani alikaa sana?"

"Ile ya maharagi yenye kukataa kuiva."

"Na ndani yake, alisimama wapi?"

Nilikuwa nimeangalia takwimu hizo majuma mengi na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Tukatafuta. Chombo chetu kilikuwa kinaonyesha, kwa makadirio, sehemu ambayo simu imesimama zaidi. Ilikuwa ni aya moja tu, ile aliyoandika kwamba kati ya maharagi yote, ya njano ndiyo yanayoiva upesi. Hapo msomaji alikaa, akapita, akarudi, akakaa tena.

Madame aligonga kioo kwa ukucha. "Hapa kuko kitu. Mutoto akisimama ku mustari moja hivi, ao anaupenda sana, ao haamini."

Makala ya tatu, ya mwisho kwa ahadi yake, aliiandika palepale mezani huku mimi nangoja. Ilikuwa fupi. Hakukuwa na Kifaransa zaidi ya kile tunachoongea kila siku. Alirudia jambo la maharagi ya njano kama anavyoyapika kule Beni, halafu akamgeukia msomaji wazi: wewe unayesoma kila Jumanne, unapika maharagi gani, na yanaiva kwa muda gani? Chini tukaweka namba yangu ya simu, na tukaomba jibu kwa sauti, maana watu wetu wengi huongea vizuri kuliko wanavyopenda kuandika.

Jumanne ilinikuta Butembo, mbele ya wanafunzi, simu ikiwa mezani imegeuzwa juu. Mstari uliinuka saa nne na dakika kadhaa. Nilifundisha somo la jedwali vibaya sana asubuhi ile. Karibu saa tano simu ikatikisika: ujumbe wa sauti, mrefu. Niliwapa wanafunzi mapumziko, nikatoka nje kuusikiliza.

Kwanza nilisikia mlio kama mvua kwenye bati. Yalikuwa maharagi yakimiminwa kwenye beseni. Kisha sauti ya mwanamke:

"Allô? Sijui niko naongea na nani. Bonjour, Madame wa maharagi. Sisi tuko bamama ba kuchagua maharagi, hapa Butembo, ku depo. Tuko kumi na mbili."

"Kumi na tatu! Umeniacha!" sauti nyingine ilidakia.

"Kumi na tatu. Huyu ni mufupi, anapoteaka. Tunasomaka Jumanne juu siku ile patron hayuko. Miye njo nasoma, juu telefone ni yangu na mega ya internet ni yangu. Nasoma kidogo, natafsiri mu Kinande juu ya bale bazee, halafu bengine banabisha."

"Tunabisha juu anakosea!"

Kicheko kikubwa, na beseni likaanguka mahali fulani.

"Ngojeni, nitafika kule! Madame, tunakupenda, mais maharagi ya njano haiivake mbio juu ni ya njano. Inaivaka mbio juu ni mupya. Ikilala depo miezi mingi, hata njano inakuwa jiwe."

"Umuambie ya rangi!"

"Angalia rangi. Ile ya njano yenye imezeeka inageuka kama chai. Na kwenu kule Beni kuko joto, inazeeka mbio kupita hapa kwetu kwa baridi."

"Na ile ya Kifaransa, umuambie!"

"Ah, oui. Zile artikle mbili za nyuma, pardon Madame, hatukujua ulikuwa unaongea na nani. Tulifunga telefone, tukaimba. Basi. Wasingya, aksanti. Rudia kuandika kama mutu."

Nilisimama kwenye ngazi nikiusikiliza mara ya pili na ya tatu. Kwa hiyo mstari mmoja ulikuwa watu kumi na tatu, na zile dakika arobaini zilikuwa kusoma, kutafsiri na kubishana. Niliutuma ujumbe ule Beni bila kuongeza neno, nikiwa na hakika kwamba Madame atapiga simu kabla sijarudi darasani.

Hakupiga. Siku hiyo ikapita, na ya pili, na ya tatu. Nilimpigia mara moja. Binti yake akasema mama yuko nyuma ya nyumba, ana kazi.

Ndipo nikaanza kufikiri vizuri. Nilikuwa nimefurahia idadi. Sikufikiri kwamba mwanamke aliyesahihisha daftari za watu maisha yake yote sasa alikuwa amesahihishwa yeye, kwa sauti, mbele ya watu kumi na tatu wanaocheka. Namba niliyoitafuta ili aendelee kuandika ilikuwa imekuja pamoja na sababu nyingine ya kuacha. Ahadi yake ya makala tatu ilikuwa imetimia. Hakuwa na deni kwangu wala kwa mtu mwingine.

Jumatatu alasiri alishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wangu, kifurushi kimefungwa kwenye kitambaa.

"Hiyo depo yao iko wapi?" aliuliza kabla ya salamu.

Nilipiga ile namba ya ujumbe wa sauti, yule mama akanieleza njia. Asubuhi ya Jumanne tukaenda. Ilikuwa depo kama depo nyingine za Butembo, giza kidogo, magunia mpaka karibu na paa, harufu ya vumbi na mkonge. Wanawake walikuwa wameketi chini kwenye turubai karibu na mlango ili wapate mwanga, kila mmoja na ungo wake, mikono ikikimbia bila kutazamwa. Mwenye simu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ni Madame?" alisema akisimama. "Madame mwenyewe? Tulikuwa tunakuwaza kama mutu munene!"

"Na miye nilikuwazaka kama mwanaume wa Kinshasa," Madame alijibu.

Hawakuelewa, lakini walicheka, wakamsogezea kigunia kilichokunjwa akae. Alikaa. Akafungua kifurushi chake na kumwaga kwenye ungo wa jirani maharagi ya njano aliyonunua Beni, sokoni, mafungu mawili, ingawa kwa macho yangu yalikuwa kitu kimoja. Nilikuwa sioni tofauti.

"Moja ya hii iliiva mbio juzi. Ingine nimeipika tangu asubuhi mpaka saa tisa, ikanikatalia. Nimejaribu mara tatu. Munionyeshe kwa macho, hapana kwa mudomo."

Nikaelewa alikuwa na kazi gani nyuma ya nyumba.

Yule mama mfupi, wa kumi na tatu, akavuta ungo kwenye mwanga. Aliokota harage moja, akalishika karibu na pua ya Madame. "Hapa, pembeni ya jicho ya harage. Unaona vile imeungua kidogo? Hii imezeeka." Akaokota jingine. "Hii ni ya mavuno ya sasa."

"Na hii?"

"Hiyo… hiyo iko katikati."

"Katikati ni nini? Imezeeka ao haiyazeeka?"

"Madame, hata miye nimezeeka katikati!"

Wakabisha. Mmoja akasema kutazama hakutoshi, lazima uliume. Mwingine akasema kuuma ni kuharibu meno, sikiliza linavyolia kwenye beseni. Madame alitoa daftari yake kwenye mkoba, ya nne, mpya, bado inanukia duka, akaanza kuandika. Mara kwa mara aliinua mkono kama darasani kuwanyamazisha, na walinyamaza, halafu walianza tena. Saa nzima hakuna mtu aliyekumbuka kufungua blogu. Kama ningetazama takwimu za Jumanne ile, nisingekuta msomaji hata mmoja.

Kabla ya kuondoka aliwasomea alichoandika. Kilianza hivi: niliandika kwamba maharagi ya njano huiva upesi kwa sababu ni ya njano; nilikosea. Wanawake wawili wakatazama chini kwenye nyungo zao. Kisha mwenye miwani akasema neno "nilikosea" ni kali kupita kiasi, aweke "sikujua". Madame akafikiri, akakataa.

"Kukosea ni kukosea. Iko kalamu nyekundu kwa kazi hiyo."

Nje aliupasua ukurasa huo taratibu kutoka kwenye daftari, akanipa mkononi, na akaanza kumwita mwenye pikipiki.

"Hiyo ni ya Jumanne yenye kuja," alisema huku akipanda. "Ingine nitatuma Jumapili, juu ya namna ya kuuma harage bila kuvunja jino. Na weye usichelewe kuchapa. Ukichelewa, bale bamama batanibishia bila kusoma."